Utanzu wa Filamu na Hofu za Jamii

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuitikia mwaliko.

Anayekata tiketi ya filamu ya kutisha ameshapatana na mtengenezaji: nitishe. Anayekwenda kutazama ya mapenzi anajua wawili wale watakosana kabla ya kupatana. Utanzu, yaani aina ya filamu, ni mapatano hayo. Wako wanaoudharau, eti filamu za namna hiyo ni zile zile. Mimi naona kule kufanana kwake ndiko kunakoipa jamii pa kusemea mambo inayoogopa kuyasema waziwazi.

Chukueni Japani, mwaka 1954. Miaka miwili tu imepita tangu utawala wa majeshi ya Marekani na washirika wake uondoke, utawala uliobana sana maandishi kuhusu mabomu ya atomiki. Mwezi Machi Marekani inalipua bomu la haidrojeni huko Bikini, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, na majivu yenye mionzi yanawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani. Novemba inatoka Gojira, au Godzilla, filamu ya Ishirō Honda kuhusu dubwana la baharini lililoamshwa na majaribio ya mabomu kama hayo.

Itazameni inavyoanza. Mabaharia wamejipumzikia sitahani, huyu na gitaa, yule na kinanda cha mdomo. Mara mwanga mkali unalipuka baharini, meli inashika moto. Dubwana lenyewe hata halijaonekana! Lakini mtazamaji wa Tokyo hakuhitaji kuelezwa. Baadaye, ndani ya treni, mwanamke mmoja anataja kwamba aliponea bomu la Nagasaki, na sasa limekuja hili tena. Anasema kama mtu anayelalamikia mvua, na kwangu hayo ndiyo maneno mazito kuliko yote katika filamu nzima.

Mwaka 1956 filamu hiyo ilihaririwa upya kwa ajili ya Wamarekani. Akapachikwa mwandishi wa habari Mmarekani, aliyeigizwa na Raymond Burr; maneno ya yule mwanamke yakaondolewa. Dubwana likabaki, kumbukumbu iliyolizaa ikapunguzwa makali.

Wamarekani nao walikuwa na utanzu wao wa kujisemea: filamu za kauboi. Kwa miongo mingi wenyeji wa asili walionyeshwa humo kama maadui wa kupigwa risasi tu. Kisha, mwaka 1970, vita vya Vietnam vikiendelea, zikatoka Soldier Blue na Little Big Man, na humo wanaochinja wanawake na watoto ni wanajeshi wa Marekani. Farasi na sare ni vile vile vya zamani, na ndiyo maana pigo liliuma: mtazamaji alikuwa amezoea kuwashangilia wenye sare hizo tangu utotoni.