Bibi hajarogwa: yanayotokea ndani ya seli za ubongo uzeeni

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu, na nyie vijana mliosimama kule mlangoni, ingieni jamani nafasi ipo. Najua wengine mmeacha karafuu zimeanikwa na mawingu ya Chake Chake leo mnayaona wenyewe, kwa hivyo sitowaweka mpaka Magharibi.

Nina jambo moja tu la kusema. Mzee anaesahau majina ya wanawe, anaeuliza suali lile lile kila dakika tano, anaetoka nyumbani usiku anataka kwenda kwao na hapo alipo ndo kwao, huyo hajarogwa na wala hana jini, na pia si "uzee tu" maana wazee wangapi wana miaka 90 na akili zao timamu. Yale ni maradhi. Na mpaka nyie muyaone yashakaa ndani ya seli miaka 15 au 20, kimya kimya.

Ubongo wa binaadamu una seli za neva karibu bilioni 86. Sasa ngozi inajibadilisha, damu inajibadilisha, chembe nyekundu ya damu inaishi kama siku 120 bas inavunjwa inatengenezwa nyengine, lakini seli ya neva karibu zote ulizozaliwa nazo ndo hizo hizo utakazozeeka nazo, hazigawanyiki tena. Na zinafanya kazi kutwa kucha, ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini peke yake unakula asilimia 20 hivi ya nguvu zote. Nguvu hizo zinatengenezwa na mitokondria ndani ya seli, na mitokondria zikifanya kazi zinatoa kemikali kali ambazo zinaunguza kila kilicho karibu, pamoja na mitokondria zenyewe.

Hapo sasa muelewe kitu kimoja kuhusu protini. Seli inatengeneza protini kama uzi mrefu, halafu uzi ule lazima ujikunje kwa umbo lake sawasawa ndo ufanye kazi. Ukijikunja vibaya haufai, na mbaya zaidi unanata, unashikana na wenzake. Kwa hivyo seli ina idara mbili za usafi: moja ni proteasomu, inakatakata protini moja moja zilizoharibika, ya pili ni laisosomu, kifuko chenye asidi na enzaimu, yaani vitu vya kuyeyusha, kinachomeza mpaka mitokondria nzima iliyochoka. Laisosomu aligunduliwa na Christian de Duve wa Ubelgiji mwaka 1955, na jinsi seli inavyojila takataka zake yenyewe alikuja kuichambua Yoshinori Ohsumi wa Japani, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2016, na aliisoma kwenye hamira, hii hii hamira ya mandazi! Mie kila nikilisema hili nashangaa upya, kwamba siri ya ubongo wa bibi yako ilianza kufunguka kwenye hamira.

Umri ukienda, usafi unapungua kasi. Asidi ya laisosomu inalegea, proteasomu zinachoka. Seli ya ngozi ikigawanyika na uchafu wake unagawika, kila mtoto anachukua nusu, lakini seli ya neva ni kama nyumba isiyo na jaa wala mlango wa uani, kila kilichobaki kimebaki humo humo ndani.

Mwaka 1906 dakta wa Kijerumani Alois Alzheimer alitazama kwa hadubini ubongo wa mwanamke aliefariki na miaka 55 tu, akaona vitu viwili: mabonge nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Maradhi hayo ya usahaulifu ndo yakaitwa Alzheimer kwa jina lake. Mabonge leo tunajua ni protini inaitwa amiloidi beta. Nyuzi ni tau. Tau kazi yake ya halali ni kushikilia reli ndani ya mkono mrefu wa seli ya neva, na mikono hiyo mengine ni mirefu kweli, ipo inayotoka kiunoni mpaka kidole cha mguu, kiasi cha mita moja, na chakula na mitokondria vinasafirishwa juu ya reli hizo. Tau ikibanduka na kusokotana reli zinalegea, ncha ya mbali inakosa mahitaji, na ile sehemu seli moja inapozungumza na mwenzake ndo inayokufa mwanzo. Kumbukumbu zinapotea kabla seli zenyewe hazijafa.

Maradhi mengine ni Parkinson, yaani yale ya kutetemeka mkono ukiwa umetulia, kukakamaa na kutembea kwa hatua fupi fupi, yaliandikwa na James Parkinson wa London mwaka 1817. Protini yake ni alfa-sinukleini. Inajaa kwenye seli za katikati ya ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayoongoza mwendo wa mwili, na mkono unapoanza kutetemeka nusu ya seli hizo au zaidi zishakwenda. Lakini kabla ya hapo, miaka mingi, kuna dalili ambazo hapa kwetu tungeziona mapema tungekuwa tunaziangalia: choo kufunga, mtu kupigana na kupiga makelele usingizini, na kupoteza harufu. Mtu wa Pemba anaepita kwenye jamvi la karafuu msimu mzima na hasikii harufu, na hana mafua, huyo akamuone dakta. Si lazima iwe Parkinson, mafua makali na korona pia yanaondoa harufu, ila aulize.

Mtasema tunajuaje kama kisa ni usafi kushindwa? Tazameni zile familia chache ambazo maradhi haya yanarithiwa na yanakuja mapema. Jeni, yaani maagizo ya urithi ndani ya seli, inayoitwa parkini, iliyogunduliwa mwaka 1998 kwenye familia za Kijapani, kazi yake ni kutia alama mitokondria mbovu ili zimezwe. Jeni ya GBA inatengeneza enzaimu ya laisosomu, mtu akiwa na nakala moja mbovu hatari yake ya Parkinson inapanda. Na watu waliozaliwa na hali ya Down wana kromosomu, yaani fungu la jeni, ya 21 ya ziada, na jeni ya kutengeneza amiloidi ipo kwenye hiyo hiyo, na wengi wao wakifika miaka 40 ubongo una mabonge tayari. Kwangu mie huu ndo ushahidi mzito kuliko wote.

Halafu kuna lile la mwaka 2008. Wagonjwa wa Parkinson waliowahi kupandikizwa seli changa ubongoni, walipofariki miaka zaidi ya 10 baadae, seli zile changa nazo zilikutwa na mabonge ya sinukleini. Yaani protini mbovu inatoka seli hii inaingia ile na kuifundisha ubaya. Lakini nisikieni vizuri: hiyo ni ndani ya ubongo wa mtu mmoja. Kula nae sahani moja, mkumbatie, mkogeshe, huambukizwi.

Dawa? Lecanemab, inayoondoa amiloidi, ilipata kibali kamili Marekani mwaka 2023, ikapunguza kasi ya kuharibika kwa asilimia 27 katika miezi 18, na inaweza kuvimbisha ubongo au kutoa damu humo. Ni mwanzo, hairudishi kilichopotea. Ndo mana mie nawakazania nyie wa miaka 40 na 50, presha mnazo na vidonge mnaruka, sukari hampimi, masikio yanaziba mnasema ni kawaida. Kamisheni ya jarida la Lancet ya mwaka 2024 ilisema karibu asilimia 45 ya demensia, yaani haya maradhi ya kupoteza kumbukumbu na akili, ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, na kusikia, presha, sukari, sigara, na mtu kukaa peke yake vyote vimo.

Na kabla hamjasema bibi ana demensia mpelekeni apimwe tezi ya shingo, vitamini B12, na muulizwe kama alianguka karibuni, maana damu ikivuja polepole chini ya fuvu inaleta usahaulifu huo huo na hiyo inatibika.

Kuna mzee pale ameuliza kuhusu upupu, kwamba kasikia unatibu kutetemeka. Mzee wangu, umesikia kweli kiasi. Mbegu za upupu zina levodopa ndani yake, dawa ile ile ya vidonge vya Parkinson, ubongo unaigeuza dopamini. Ila mbegu hii ina nyingi na ile kidogo, hujui unampa kiasi gani, presha inaweza kushuka akaanguka. Kidonge kina kipimo, na kimechanganywa na dawa ya pili, karbidopa, ili dawa isiishie njiani kabla ya kufika ubongoni. Mpeni mgonjwa kidonge nusu saa kabla ya kula, maana protini ya samaki na maharage inagombania njia moja na dawa hiyo.