Mtoto Naye Analipa Kodi

Mabibi na mabwana, tukisikia kodi tunamfikiria mwenye duka au mwenye mshahara. Mtoto wa miaka sita hatumfikirii, naye analipa. Sabuni inayofua sare yake imebeba VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18. Bodaboda inayompeleka zahanati inanywa mafuta yenye tozo. Mama yake hana TIN, namba ya mlipakodi, wala hajawahi kukanyaga TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, lakini kila akitoka dukani kwa Mangi ameshachangia bajeti ya taifa.

Je, anarudishiwa nini? Kuna TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao mpango wake wa kunusuru kaya maskini umefikia kaya zaidi ya milioni moja. Kuna elimu bila ada tangu 2016. Hapa kwenye elimu naomba tukae kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa dola 10 kwa mwaka, wakati huo kama shilingi 10,000. Ilipofika 2016, kiwango kilikuwa bado shilingi 10,000, na dola moja imepita shilingi 2,000. Hakuna mbunge aliyesimama kusema tupunguze fedha za watoto. Zilipungua zenyewe, kimya kimya, na mzazi akaendelea kuitwa kikao cha michango.

Wachumi Younger, Myamba na Mdadila walipiga hesabu ya kodi na matumizi ya Serikali yetu, wakachapisha mwaka 2016. Walikuta mfumo unapunguza pengo kati ya tajiri na maskini, jambo la kusifiwa. Lakini ukitazama fedha taslimu tu, maskini alikatwa zaidi ya alichopewa. Darasa ni faida kubwa, sikatai. Ila halinunui unga jioni.

Mnakumbuka tozo ya miamala ya simu, Julai 2021? Kijana wa Kariakoo akimtumia bibi kijijini hela ya daftari za wajukuu, alikatwa yeye anayetuma na bibi anayetoa. Kelele zikapigwa, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30.

Ombi langu ni dogo. Waziri wa Fedha anaposoma bajeti mwezi Juni, aambatanishe jedwali moja: kaya maskini yenye watoto inakatwa kiasi gani, inapokea kiasi gani. Takwimu za kuanzia wanazo NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kwenye utafiti wa mapato na matumizi ya kaya.

Karibuni kwa maswali.