Huyu kachukua macho ya baba yake? Tuongee kuhusu mayopia kali kwa watoto wadogo

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Hebu wenye miwani ya minus, ile ya kuonea mbali, nyoosheni mikono. Mnaona wenyewe. Sasa ndo nyie mnaokuja na mtoto wa miaka mitatu, kapimwa kakutwa na minus 7, sijafungua hata mdomo mmeshamaliza kesi, "huyu kachukua kwa baba yake", na baba kakaa pale kimya kama mshtakiwa.

Baba ana kesi? Anayo, ila sio hiyo.

Tuanze na jicho. Mtoto mchanga jicho lake toka mbele mpaka nyuma ni kama milimita 17, la mtu mzima kama 24, na wengi wanazaliwa na plus kidogo, yaani jicho bado fupi, halafu linakua huku linajirekebisha mpaka picha inatua sawasawa kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Kwa mwenye mayopia limepitiliza, limekuwa refu, picha inatua kabla ya kufika, vya mbali anaona ukungu. Milimita moja tu ya ziada ni kama minus 2.5 hadi 3! Ikifika minus 6 tunaiita kali, na hapo unene wa miwani ndo shida ndogo, kubwa ni retina iliyovutwa ikawa nyembamba, inaweza kuchanika au kubanduka.

Urithi upo, sibishi. Utafiti wa California uliotoka 2002 ulikuta wazazi wote wawili wakiwa na mayopia, watoto asilimia 32.9 wanayo, mzazi mmoja 18.2, wasio na mzazi mwenye nayo 6.3. Lakini hao ni watoto wakubwa wa shule, na hata wenye wazazi wote wawili, theluthi mbili walikuwa salama.

Halafu kuna huu wa 2008 ninaoupenda kuliko yote. Watoto wa miaka 6 na 7 wenye asili ya Kichina, wengine Singapore wengine Sydney, wazazi wenye mayopia kama asilimia 70 huku na huku, yaani damu ile ile. Singapore asilimia 29.1 wanayo, Sydney 3.3. Na wa Sydney ndo walikuwa wanasoma vitabu vingi zaidi, eti, na watu wanasema kusoma ndo kunaharibu macho! Ila walikaa nje karibu saa 14 kwa wiki, wenzao saa 3. Mwanga wa nje unaonekana kulizuia jicho lisirefuke ovyo. Kwa hiyo mzazi anampa mtoto uwezekano, na ikianza mapema miaka ya kuongezeka inakuwa mingi, ndo njia ya kawaida ya kufika kwenye kali.

Sasa rudi kwa wetu wa miaka mitatu. Huyu hata shule hajaanza. Minus 7 umri huo haifanani kabisa na mayopia ya kawaida inayowaanza watoto wa shule, kwa hiyo mimi nauliza mengine: alizaliwa njiti? Usiku anajigonga gonga? Anasikia vizuri? Kaakaa lilikuwa limepasuka? Viungo vinalegea, vidole virefu kupita kiasi? Maana kuna hali kama Stickler na Marfan, magonjwa ya kuzaliwa nayo ya tishu zinazoshikilia mwili, Marfan inagusa mpaka moyo, na jicho ndo linaweza kuwa la kwanza kuonyesha. Na hizi mara nyingi zinatoka kwa mzazi. Ndo maana nasema baba anayo kesi: kama na yeye alivaa miwani mizito toka mdogo, retina ikabanduka akiwa kijana, hiyo ni habari naihitaji mezani, msiiseme kama utani halafu mkaondoka.

Na mtoto apimwe kwa matone ya kulegeza jicho, bila hayo anakaza macho na mashine inasoma minus ambayo hana. Atalia, mboni zitakuwa kubwa, jua litamsumbua kwa muda, ni kawaida.

Ndio mama, mkono nimeuona... anauliza tumpe miwani yenye nguvu pungufu ili macho yasizoee? Hapana mama. Walijaribu hilo Malaysia, majibu yakatoka 2002, waliopunguziwa ndo mayopia yao iliongezeka haraka zaidi. Mpe namba yake kamili. Haya, kaka wa shati jeupe, wewe ulikuwa unauliza nini?