Jeni Inayobebwa Kimya: Mhadhara kwa Wazazi na Wafugaji, Mbeya

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie sifa zinazoamuliwa na jeni moja tu, yaani agizo moja la urithi lililomo mwilini, na nitaanza na kuku, maana wafugaji humu ndani ni wengi.

Kuku wa kishingo mnamjua. Wapo wanaodhani amenyonyoka kwa ugonjwa. Hapana, kazaliwa hivyo. Kila kuku ana nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa jogoo na nyingine kutoka kwa mama. Akipata nakala ya kishingo upande mmoja tu, shingo huwa wazi lakini kwa mbele, chini, hubaki kishungi cha manyoya. Akizipata zote mbili, hata kishungi hicho karibu hakipo. Kwa hiyo mtazame shingoni tu, utajua ana nakala ngapi, wala huhitaji maabara. Mwenye kishungi ukimpa jogoo wa shingo ya kawaida, tarajia karibu nusu ya vifaranga wawe kishingo. Jeni hiyohiyo hupunguza manyoya mwili mzima, ndiyo maana huvumilia joto la Kyela. Anayetaka kumpeleka Makete ajipange na banda. (Kicheko.)

Kishingo hana siri. Kazi ipo pale nakala inapokuwepo na haionekani. Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, alianza kulichunguza jambo hili mwaka 1856 kwa njegere, zao ambalo hapa Mwanjelwa halikosekani. Alizalisha njegere za mviringo na zenye makunyanzi. Kizazi cha kwanza zote zikatoka mviringo. Akaziacha zijichavushe zenyewe. Safari hii alihesabu punje 5,474 za mviringo na 1,850 zenye makunyanzi, karibu tatu kwa moja. Makunyanzi hayakuwa yamepotea, yalibebwa na punje za mviringo. Alichapisha mwaka 1866, na hadi anafariki 1884 ni wachache sana waliomwelewa. Dunia ilimrudia mwaka 1900.

Sasa tuje kwa watu. Mtoto mwenye ualbino akizaliwa kwa wazazi wasio nao, macho yote humgeukia mama. Mara amechepuka, mara ukoo wao una laana. Naomba akina baba mnisikilize hapa: mtoto huyo amepata nakala moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Nakala moja peke yake haitoshi. Kwa hiyo anayemnyooshea mkewe kidole na yeye ajihesabu, maana nusu ya jambo imetoka kwake.

Na wabebaji, yaani wenye nakala moja tu ya ualbino wasio nao wenyewe, ni wengi kuliko mnavyofikiri. Kwa Tanzania hutajwa mtu 1 mwenye ualbino kati ya watu 1,400 hivi. Ukipiga hesabu ya urithi kutoka hapo, unapata mbebaji 1 katika kila watu 19 au 20. Kosta iliyojaa kutoka Uyole huenda imebeba mmoja au wawili, na konda hajui. Ualbino ulio wa kawaida zaidi kwetu hutokana na jeni iitwayo OCA2, na mara nyingi kasoro ni ileile: kipande cha herufi kama 2,700, zile alama ndogo zinazoandika jeni, kimekatika. Kipande hichohicho kimekutwa kimekatika kwa watu wa Afrika Kusini pia. Maana yake ni jambo la kale mno, limetembea na mababu zetu. Halina uhusiano na jirani mliyegombana naye mwaka jana.

Wabebaji wawili wakioana, kila mtoto ana nafasi robo ya kuwa na ualbino, nusu ya kuwa mbebaji kama wao, na robo ya kutokuwa na nakala hiyo kabisa. Huwa nasikia watu wakisema, tumeshapata mmoja, watatu wanaofuata hawatakuwa nao. Si hivyo. Kila mimba ni kura mpya, na kura hii haijui ile iliyopita ilitoa nini.

Selimundu hufuata njia hiyohiyo: herufi moja imebadilika kwenye jeni ya himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, na anayeumwa ni aliyepata nakala mbili. Mwenye moja kwa kawaida haumwi, tena ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alilionyesha hilo mwaka 1954, na ndiyo sababu jeni hii haikufutika penye mbu wengi. Mbebaji wake hujulikana kwa kipimo cha damu, kwa hiyo wachumba, pimeni mapema.

(Swali kutoka ukumbini: wazazi wote wawili wakiwa na ualbino je?)

Swali zuri. Ikiwa ni jeni ileile, watoto wote watakuwa nao. Lakini jeni za ualbino ziko zaidi ya moja. Baba akiwa na kasoro kwenye jeni hii na mama kwenye nyingine, watoto hupata nakala nzima ya kila jeni, na huzaliwa na rangi ya kawaida.

(Swali: na mahindi chotara, mbona ukirudia mbegu mavuno yanashuka?)

Hapo mzee wangu umetoka nje ya mada yangu. (Kicheko.) Mavuno huamuliwa na jeni nyingi kwa pamoja, na ukirudia mbegu, mchanganyiko ule hutawanyika, kila mche na wake. Robo na nusu zangu hazifiki huko.