Zulia lina jina la Rais, la mfumaji halina

Asanteni jamani, wale wa nyuma sogeeni mbele maana leo hatuna maiki.

Nianze na wanawake wawili ambao majina yao hatunayo. Ni 1915, eneo la Mush, mashariki ya Uturuki ya leo, utawala wa Ottoman unawamaliza Waarmenia. Inasimuliwa kwamba hao wawili walikikuta kitabu cha kanisa kwenye monasteri iliyoharibiwa, kurasa za ngozi, kilo kama 28, kimeandikwa kati ya 1200 na 1202. Hakibebeki. Wakakigawa vipande viwili, kila mmoja akaondoka na chake. Mmoja alifika Etchmiadzin, makao makuu ya Kanisa la Armenia, na nusu yake, mwingine alifia njiani ila alishaifukia ya kwake kwenye monasteri ya Erzurum, ikaja kupatikana baadae. Leo nusu zote mbili ziko Yerevan, mji mkuu wa Armenia, pale Matenadaran, hifadhi ya vitabu vya kale. Mtu anakimbia kifo, ana njaa, anachagua kubeba kitabu! Mimi hilo halijawahi kunitoka moyoni.

Waliouawa inakadiriwa wanafika hadi milioni 1.5, na wengi walitembezwa kwa miguu mpaka jangwa la Deir ez-Zor kule Syria. Waliopona wakatawanyika, Lebanon, Ufaransa, Marekani, hata Ethiopia, maana 1924 Ras Tafari, yule aliyekuja kuwa Mfalme Haile Selassie, alichukua vijana yatima 40 kutoka Jerusalem wakawa bendi yake ya matarumbeta. Sasa watu waliosambaa hivyo nani atawajengea makumbusho? Vitu viko kwenye masanduku ya bibi zao. Ndo maana makumbusho kama ile ya Watertown, Massachusetts, ilianzishwa na wanajamii wenyewe 1971, kwanza kanisani kwao Belmont, baadae wakahamia jengo lililokuwa la benki, na familia zikawa zinaleta mazulia, darizi, Biblia, picha.

Na kazi yenyewe sio kupokea kitu na kukiweka kwenye kabati la kioo. Mjukuu anakuja na kitambaa cha darizi anasema "ni cha bibi", basi. Bibi yupi, wa kijiji gani, mshono huu alifundishwa na nani, kilitokaje kule, kilifichwa wapi? Usipouliza wakati kuna mtu anayejua umebaki na kitambaa kizuri tu. Picha nayo unaigeuza nyuma unakuta maandishi, herufi za Kiarmenia, unamwita anayejua Kiarmenia anasoma haelewi kitu, kumbe lugha ni Kituruki, maana Waarmenia wengi wa kule waliongea Kituruki wakakiandika kwa herufi zao. Sisi watu wa pwani tusishangae, barua za babu zetu Lamu na Unguja ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, humu ndani wangapi tunaweza kuzisoma?

Uturuki mpaka leo inakataa kuyaita mauaji ya kimbari, kwahiyo kila karatasi, kila uzi wenye historia yake ni ushahidi. Na wenye nguvu wanalijua hilo. Mabinti yatima wa Kiarmenia kule Ghazir, Lebanon, walifuma zulia lenye mafundo zaidi ya milioni 4, likapelekwa kwa Rais Coolidge 1925 kama shukrani kwa misaada ya Wamarekani. Mwaka 2013 liliombwa kwa ajili ya maonyesho, Ikulu ya Marekani ikakataa kulitoa. Watu wakapiga kelele sana, na Novemba 2014 likaonyeshwa siku chache, likarudi stoo.

Nyuma ya zulia kuna lebo. Ina shukrani, ina jina la Coolidge. Wale mabinti, vidole vyao vilivyofunga fundo moja moja kwa miezi, hakuna hata mmoja aliyeandikwa pale.

Haya, maswali. Mama yule mwenye mtandio wa bluu, karibu.