Kabla Hujanunua Kontrol Boksi: Vani Iliyoingiwa na Maji

Ndugu zangu watazamaji, asalaam aleikum, na habari za huko nyumbani. Nipo hapa Leicester, Uingereza, na nyuma yangu mnaiona vani ya dizeli ya kusambazia vifurushi, ambayo mwenyewe ameileta baada ya kuambiwa na gereji nyingine kwamba kontrol boksi, yaani kompyuta inayoongoza vifaa vya umeme vya gari, imekufa na hakuna dawa isipokuwa kununua mpya. Malalamiko yake ni kwamba waipa hujiwasha zenyewe, milango hujifunga na kujifungua bila kuguswa, taa za onyo huwaka karibu nusu ya dashibodi, na gari likilala mwisho wa juma betri hushindwa kuzungusha starta. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, kwa kuwa ugonjwa huu huyapata magari ya kampuni nyingi.

Swali la kwanza la kumwuliza mwenye gari halihusu umeme hata kidogo: mambo haya hutokea lini? Huyu alijibu kwamba hutokea baada ya mvua, na mara nyingine hutokea siku inayofuata, jua likiwa limeshatoka. Jibu hilo limenisaidia kuliko mashine yoyote ya kusomea hitilafu, kwa sababu kontrol boksi iliyokufa haichagui hali ya hewa. Hiyo siku inayofuata nayo ina maelezo yake: zulia lililolowa hupata joto, maji hugeuka mvuke ndani ya gari lililofungwa madirisha, na usiku mvuke huo hugeuka tena kuwa matone juu ya kila kitu cha baridi, zikiwemo pini za konekta, yaani viungio vya waya.

Kwa hiyo kazi ilianza kwa kuyafuata maji. Chini ya kioo cha mbele, mahali zinapokaa waipa, pana mfereji unaopokea maji yote yanayoteremka kutoka kwenye kioo na kuyatoa nje kupitia matundu madogo ya pembeni. Hapa Uingereza majani hupukutika kuanzia Septemba hadi Novemba, yakaoza humo na kuyaziba matundu, na maji yakikosa njia hupanda hadi yapate upenyo kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Nyumbani hali ni ileile kwa gari linaloegeshwa chini ya mwembe. Tulipofungua plastiki ya juu tulikuta tope jeusi la majani. Baadaye tulijaribu kwa mpira wa bustani, tukianza kumwagilia chini na kupanda juu polepole, mtu mmoja akiwa ndani na tochi, kwa maana ukianza kumwagilia kwenye paa kila kitu kitalowa kwa pamoja na hutajua maji yameingilia wapi. Yalipoanza kuingia, hayakudondoka pale yalipoingilia. Yaliufuata mkungu wa waya nyuma ya dashibodi, yakateremka nao, na kuishia kwenye konekta kubwa iliyo karibu na miguu ya abiria. Ndiyo maana zulia la upande huo lilikuwa limelowa chini ilhali juu lilikuwa kavu. Usiamini zulia hadi umelinyanyua na kuligusa sifongo lake.

Wengi hudhani maji yakigusa umeme kazi yake ni kupiga shoti na kuunguza fyuzi. Maji ya mvua peke yake hupitisha umeme kidogo sana. Yanapochanganyika na vumbi na chumvi, ile chumvi inayomwagwa barabarani huku wakati wa baridi au ile ya pwani kwetu, hupitisha umeme wa kutosha kuisumbua kompyuta lakini usiotosha kukata fyuzi. Pini yenye volti 12 muda wote, ikiwa jirani na pini ya ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) ndani ya unyevu, huanza kuliwa taratibu, na matokeo yake ni ule unga wa kijani mnaoujua. Pini ya swichi ikipokea umeme uliovuja kutoka kwa jirani yake, kompyuta huamini kwamba dereva amebonyeza waipa, nayo hutii. Kwa maneno mengine, kontrol boksi iliyolaumiwa ilikuwa ikifanya kazi yake sawasawa, ila ilikuwa ikipewa taarifa za uongo.

Ndipo nikaunganisha mashine. Ilitoa orodha ndefu ya hitilafu zinazoanza na herufi U, yaani kompyuta moja inalalamika kwamba haisikii nyingine, ikiwemo U0121 inayohusu mawasiliano na mfumo wa breki za ABS. Hapa ndipo pesa za watu hupotea. Kompyuta tatu au nne zikitoweka kwa wakati mmoja, ni vigumu mno kuamini kwamba zote zimekufa siku moja. Uwezekano mkubwa ni kwamba zinategemea kitu kimoja, kama fyuzi, ethi au waya za mawasiliano. Nilitoa terminali ya betri, nikapima ukinzani kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya uchunguzi, ambako mashine huunganishwa, nikapata omu 60. Kwenye mtandao wa CAN, yaani zile waya mbili ambazo kompyuta za gari huzungumzia, hicho ndicho kipimo sahihi, kwa kuwa kila mwisho una omu 120 na zikiunganishwa sambamba huwa 60. Ningepata 120, ningejua upande mmoja umekatika. Ningepata karibu na sifuri, ningejua waya mbili zimegusana.

Nikahamia kwenye ethi. Betri ikiwa imerudishwa, taa kubwa na feni vikiwa vimewashwa, niliweka waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye boliti ya ethi iliyo chini ya zulia. Kipimo kizuri hakizidi volti 0.2, hapa palikuwa na zaidi ya volti 1. Angalia kwamba vitu vinavyokula umeme, kama taa na feni, lazima viwe vimewashwa, kwani ukipima kwa omu gari likiwa limezimwa, hata uzi mmoja wa shaba uliobaki utakuonyesha kwamba waya ni mzima.

Betri kuisha nako kulikuwa na chanzo humohumo. Gari likishalala, na mengine huchukua nusu saa au zaidi hadi kompyuta zake zote zilale, halipaswi kutumia zaidi ya miliampea 50 hivi. Hili lilikuwa linatumia karibu 400, kiasi ambacho hula nusu ya betri ya saa-ampea 70 kwa siku tatu na nusu. Msichomoe fyuzi moja moja, kwa sababu kuzirudisha huziamsha kompyuta mkaanza kusubiri upya. Pimeni milivolti juu ya kila fyuzi ikiwa mahali pake, na ile yenye kipimo ndiyo umeme unapopita.

Matengenezo yenyewe hayana maajabu. Kwanza tuliziba maji, kwa sababu kusafisha konekta chini ya bomba linalovuja ni kujitafutia kazi ya kudumu. Tulikata waya zilizoliwa hadi tukafika kwenye shaba inayong'aa, na wakati mwingine ni mbali, maana maji hunyonywa ndani ya ganda la waya. Tuliweka pini mpya, tukasafisha zilizobaki kwa alkoholi ya isopropili na brashi laini, tukakwangua ethi hadi kwenye chuma kitupu, tukaifunga na kuipaka grisi. Waya za njano ni za mifuko ya hewa: ondoeni betri, msubiri dakika kadhaa kabla ya kuzigusa, na kamwe msizipime kwa mita ya omu.

Kwa wale wanaoniuliza kuhusu kuagiza vani kutoka huku: alama ya S au N ya kampuni za bima huonyesha kama muundo wa gari uliharibika au la, lakini haisemi kama gari liliingiwa na maji, na gari ambalo mwenyewe hakudai bima halina alama yoyote. Ili mtafute dalili za maji wenyewe, mwombeni muuzaji video ya mkanda wa kiti ukiwa umevutwa hadi mwisho, ya reli na boliti za viti, na ya konekta zilizo chini ya viti. Akikataa kuinua zulia, tafuteni vani nyingine.