Mshahara wa laki nane na duka la Sinza: hesabu kabla ya kuacha kazi

Ndugu zangu, wengi hulinganisha mshahara wao na mauzo ya jirani mwenye duka. Hapo hesabu imeshaharibika.

Chukua mshahara wa 800,000 kwa mwezi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 inaondoka na 80,000. Zinazobaki 720,000 zinakatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara, 60,000, mkononi unapata 660,000. Lakini zile 80,000 za NSSF bado ni zako, na mwajiri naye anakuwekea 80,000 nyingine, kwa hiyo thamani ya kazi yako ni 820,000. Kuna na likizo ya siku 28 yenye malipo. Dukani ukifunga mlango hulipwi na mtu. Ukitaka miezi 11 ya kazi ibebe mwaka mzima, faida yako baada ya gharama na kodi iwe kama 895,000 kila mwezi. Bado sijagusa ugonjwa: sheria inampa mwajiriwa siku 126 katika miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili, nusu kwa nusu mshahara.

Sasa twende Sinza. Tuseme fremu ya vifaa vya umeme ni 200,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita: 1,200,000 imetoka hujauza hata soketi. (Kariakoo utaulizwa na kilemba, hela ya kuachiwa fremu, tuyaache hayo.) Unauza 3,000,000 kwa mwezi, faida ghafi asilimia 20, yaani 600,000. Toa fremu. Toa kodi ya TRA: mauzo ya milioni 11 hadi 100 kwa mwaka, kwa anayetunza kumbukumbu, hutozwa asilimia 3.5 ya mauzo, si ya faida, hata mwezi uliopata hasara. Hiyo ni 105,000. Unabaki na 295,000, na LUKU hujanunua.

Kinachoua duka hili ni droo. Ndani yake zimepita milioni tatu, na mwenyewe amezoea kutumia 660,000, basi anachota 660,000. Katika hizo, 365,000 ni mtaji. Mwezi wa kwanza haionekani. Wa tatu nyaya za milimita 2.5 zimeisha na hela ya kuleta nyingine hakuna. Mteja akikosa waya, hanunui na swichi. Jilipe kiasi maalumu, kwa tarehe maalumu, kwenye laini nyingine ya simu.

Ili duka hilo lifikie 895,000 linahitaji mauzo ya takriban 6,640,000 kwa mwezi, na mauzo hayo bila msaidizi ni magumu. Mimi nisingeacha kazi kwa chini ya hapo.

Kama unafanya kazi bila mkataba wala NSSF, basi zile 160,000 za michango na likizo ya malipo huna, na kiwango chako kinashuka sana.

Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Kabla ya kuandika barua, chukua taarifa ya michango NSSF, uikague mwezi kwa mwezi. Pengo ni rahisi kulidai ukiwa bado una kitambulisho cha kazi.